Saa nane usiku za Octavia Butler

Octavia Butler, mwandishi Mmarekani wa riwaya za kisayansi, alikuwa akiamka saa nane usiku kuandika, kukipambazuka anakwenda kibaruani. Vibarua vyenyewe alivichagua visivyochosha akili: kuosha vyombo, kukagua krispi za viazi kiwandani, kupigia watu simu kuwauzia bidhaa. Mama yake, mfanyakazi wa ndani kule Pasadena, California, alitamani binti awe karani mwenye mshahara wa uhakika. Butler alitaka kichwa chake kibaki na nafasi. Hesabu hiyo naiheshimu kuliko hata tuzo zake za Hugo na Nebula, zile kubwa za hadithi za kisayansi.

Mama huyohuyo, lakini, ndiye aliyemnunulia taipureta ya Remington akiwa na miaka 10.

Kinachonivuta zaidi ni jinsi alivyoipata riwaya yake Kindred. Dana, mwanamke mweusi wa Los Angeles ya 1976, anavutwa tena na tena hadi shamba la watumwa Maryland, mwanzoni mwa karne ya 19. Namna anavyosafiri haielezwi kabisa, na Butler mwenyewe alisema kitabu hicho hakina sayansi ndani yake. Sasa, msomaji akinyimwa mashine ya kushangaa, jicho lake lote linahamia shambani: viboko, jiko, chakula, nani analala wapi. Ukikosea hapo, riwaya imekufa.

Ilimlazimu aende, na nauli hakuwa nayo. Akauza muswada wa riwaya nyingine, Survivor, kabla haujaiva, akapanda basi hadi Maryland, akajichimbia kwenye maktaba za Baltimore. Alifika pia Mount Vernon, Virginia, kwenye shamba la George Washington, akakuta waongoza wageni wanawataja watumwa kama watumishi. Maisha yao ilibidi ayatafute kwenye masimulizi waliyoacha watumwa wenyewe.

Survivor ilitoka 1978, Kindred 1979. Ile ya kwanza hakuipenda kabisa, akakataa isichapwe tena. Kwa miaka mingi aliyeitaka ilibidi atafute nakala kuukuu, na ajiandae kulipa.

Pesa ya maana ilikuja 1995: ruzuku ya MacArthur, wanayopewa Marekani watu wenye ubunifu wa pekee, dola 295,000. Alifariki 2006. Makaratasi yake yako Huntington Library, San Marino, na humo limo daftari la 1988 alimojiandikia kwamba vitabu vyake vitaingia orodha ya vinavyouzwa sana. Parable of the Sower, ya 1993, iliingia orodha hiyo ya gazeti la New York Times Septemba 2020.