Risiva Ilipolalamikia Fezi

Kwa muda wa wiki tatu hivi risiva yangu, yaani mashine inayoendesha spika tano na sabufa, ilinigomea. Kila nilipochomeka maikrofoni yake ya kupimia, ikapiga mishindo yake spika moja baada ya nyingine, ilimalizia kwa kuandika kwenye televisheni kwamba spika ya katikati na ile ya nyuma kushoto zina hitilafu ya fezi, yaani chanya na hasi za waya zake zimebadilishana. Jirani yangu hapa Sinza, ambaye ni fundi umeme, alipolisikia neno hilo alikwenda moja kwa moja kwenye mita, akarudi kunihakikishia kwamba nyumba yangu ina fezi moja na ni nzima. Fundi wa Kariakoo, niliyempelekea risiva nikiwa nimeipakata kwenye bajaji kama mtoto mgonjwa, alisema amplifaya imeungua na akataka laki na kitu. Wa tatu alinishauri nigeuze waya za kila spika inayolalamikiwa mpaka ujumbe uondoke.

Huyo wa tatu ndiye aliyeniponza, kwa sababu nilimsikiliza. Niligeuza waya za spika ya katikati, ujumbe wake ukaondoka, nikajipongeza kwa soda baridi. Nilipofungulia muziki kwenye spika zote kwa pamoja, besi ilikuwa imenyauka na sauti ya mwimbaji haijulikani inatoka upande gani, maana sasa spika hiyo ilikuwa ikivuta hewa wakati wenzake wanaisukuma.

Ndipo nikaamua kuacha kubahatisha. Nilizima risiva, nikachomoa waya zote nyuma yake, nikatoa kwenye rimoti betri moja ya volti 1.5. Mpwa wangu nilimweka mbele ya spika, kitambaa cha mbele kikiwa kimevuliwa, akiimulika kwa tochi ya simu. Mimi nilibaki kwenye ncha za waya upande wa risiva, na hapo ndipo palipo na ujanja wenyewe: ukipimia huku unakagua spika pamoja na waya wake wote, ilhali ukipimia kwenye spika unaikagua spika peke yake. Niligusisha chanya ya betri kwenye waya uliokuwa ukiingia kwenye tundu jekundu, hasi kwenye mwenzake, kwa mguso wa kufumba na kufumbua. Spika ikafanya “tap”. “Imetoka, Mjomba!” Ngozi ya spika ikitoka nje ni sawa; ikiingia ndani, chanya na hasi zimegeuka. Ya kulia, imetoka. Ya katikati, ambayo nilikuwa nimeirudisha ilivyokuwa mwanzo, imetoka. Tulipofika nyuma kushoto, mtoto akanyamaza, akaomba nirudie, kisha akasema, “Hii imeingia.”

Nilinyanyua zulia na kuufuata waya huo, ule wenye ganda la kuonyesha ndani, uzi mmoja ukiwa na rangi ya shaba na mwingine wa fedha. Nyuma ya kabati nikakuta kiungo kilichofungwa kwa utepe mweusi, ambapo shaba ilikuwa imesokotwa na fedha, na fedha na shaba. Aliyeunga hivyo miaka minne iliyopita ni mimi mwenyewe. Nikakiunga upya, shaba kwa shaba na fedha kwa fedha.

Spika ya katikati iliendelea kulalamikiwa ingawa haikuwa na kosa. Risiva huangalia kama wimbi la kwanza la mshindo limeanza kwa kusukuma au kwa kuvuta, na mwangwi wa karibu unaweza kuihadaa, hasa spika ikiwa imezamishwa ndani ya kabati la televisheni kama yangu. Isitoshe, yapo makasha ya spika yenye spika ndogo zaidi ya moja ndani, ambamo kiwandani moja hufungwa kinyume na mwenzake kwa makusudi. Niliivuta hadi ukingoni mwa kabati, nikaiweka maikrofoni juu ya stendi ya kamera kwenye kimo cha masikio badala ya kuilaza kwenye mto wa kochi, nikazima pangaboi na kupima saa kumi na moja alfajiri kabla bodaboda hazijaanza kunguruma, huku jasho likinitiririka. Ujumbe ulijitokeza tena. Safari hii nilibonyeza “endelea”, na sauti ikatulia vizuri kabisa.

Jioni jirani alipita akasikia besi hadi barazani, akaniuliza kama fezi zimerudi zote.