Siku moja maishani mwangu: mkaguzi wa majengo ya hospitali, Kagera

Saa 12 asubuhi niko macho, nakagua begi: futikamba, kipimo cha kaboni dioksaidi, udi na kiberiti. Ndio, udi, utaona kazi yake.

Saa 2 getini, hospitali moja ya mkoa wetu. Naanza nje kila mara, maana nataka kujua mtu akija na homa na kutapika anakutana na nani kwanza. Hapa anakaa benchi moja na wajawazito na watoto wa kliniki mpaka aitwe. Jamani Kagera hii hii ilipata Marburg, homa kali ya virusi, mwaka 2023, wakaugua 9 wakafa 6, wahudumu wa afya wakiwemo, halafu 2025 ikarudi Biharamulo, wagonjwa 10 na wote wakafariki. Kibanda cha kuchuja wagonjwa getini chenye maji na sabuni sio pambo.

Saa 4 wodi ya wanaume. Kitanda hadi kitanda nusu mita, inatakiwa isipungue mita moja. Nawasha udi katikati, moshi unaning'inia tu hauendi popote, na humu kuna watu wanakohoa bado hawajapimwa TB. Madirisha ya upande mmoja yamepigiliwa mbao.

"Sista, haya vipi?"

"Kaka, nyavu zilichanika, tukiacha wazi mbu wanatumaliza."

Ana haki kabisa, huwezi kumwambia afungue dirisha ili akwepe TB apate malaria.

Wodi ya zamani pembeni, dari juu, madirisha makubwa pande zote mbili, moshi ukapotea sasa hivi. Kuna utafiti wa hospitali za Lima, Peru uliotoka 2007, majengo ya zaidi ya miaka 50 hewa ilibadilika kama mara 40 kwa saa madirisha yakiwa wazi, ya kisasa 17. Afu sisi tunayabomoa haya tunajenga vyumba vya dari fupi, inaniuma sana.

Saa 7 chumba cha kutenga wagonjwa. Mlango mmoja tu, anayeingia msafi na anayetoka kavaa gauni lenye matapishi wanapishana hapo hapo. Kwa Marburg, inayoambukiza kwa majimaji ya mwili, hapo ndo muuguzi anapopotelea.

"Shikamoo mama." "Marahaba mwanangu, njoo nikuonyeshe." Huyu ni mama wa usafi, kanipeleka kwenye sinki ambalo bomba halitoi maji, na njia anayopitisha taka, korido ile ile ya chakula. Kwenye ramani ya jengo havionekani hivyo vyote.

Saa 10 kikao na mganga mfawidhi na matroni. Nimeomba nyavu kwanza, zikishafungwa mbao zitolewe, bomba, kibanda cha getini, halafu watoboe mlango wa pili wa kutokea kule chumba cha kutenga. Mfawidhi akasema feni. Nikamwambia daktari, feni madirisha yakiwa yamefungwa inazungusha hewa ile ile, anza na nyavu. Matroni akaanza kuhesabu madirisha pale pale.