Usizime taa

Nimezaliwa Bombo. Kiswahili nilikipata kwa baba aliyekuwa mwanajeshi, na uuguzi wa magonjwa ya akili nilisomea Butabika, hospitali ya taifa iliyopo Kampala tangu 1955. Kwa miaka kadhaa sasa nafanya zamu ya usiku katika wadi ya vijana ya hospitali moja magharibi mwa Uganda. Naandika kwa ajili ya wenzangu wanaopangiwa zamu hiyo wakakosa wa kumuuliza.

Mwanzoni niliamini kwamba wadi iliyo kimya ndiyo wadi iliyohudumiwa. Napokea zamu saa mbili usiku, nahesabu watoto, nahesabu funguo, nagawa vidonge, saa nne nazima taa. Kijana akiwa bado anazunguka saa tano, nafungua kabati la dawa. Asubuhi naandika kitabuni: amelala vizuri. Nililiandika neno hilo mara nyingi sana, na baadhi ya mara hizo lilikuwa uongo, kwa sababu mtu aliyelazwa kwa sindano hajalala vizuri.

Mwaka 2022, shule zilipokuwa zimefunguliwa baada ya kufungwa tangu Machi 2020, tuliletewa kijana wa miaka kumi na sita kutoka kambi ya wakimbizi ya Nakivale. Nitamwita Baraka, ingawa si jina lake. Familia yake ilikimbia vita huko Kongo. Wenzake katika wadi walizungumza Kinyankole, yeye alijua Kiswahili tu, kwa hiyo mchana kutwa alikaa kimya na watu wakamwona mpole. Taa ikizimwa alianza kugonga dirisha kwa viganja na kupita kitanda kwa kitanda akiwatikisa wenzake.

Mimi nilikuwa na lugha yake mdomoni, na sikumuuliza chochote. Daktari alikuwa ameandika haloperidoli, dawa ya kutuliza, ya kuchomwa pale itakapohitajika. Nikaona inahitajika, usiku wa kwanza na wa pili.

Usiku wa tatu, kama saa sita, mama yake aliyekuwa akimuuguza aliniita kwa sauti iliyonitoa mbio. Shingo ya Baraka ilikuwa imepinda hadi kidevu kimegusa bega. Macho yamepanda juu, unaona weupe tu. Alitaka kusema akashindwa, ulimi umekuwa mzito, mate yanamtoka. Mama alikuwa amepiga magoti akikemea pepo, na vijana wengine wamesimama juu ya vitanda, mmoja analia.

Nilijua ni nini, darasani tulifundishwa. Dawa ile inaweza kukakamaza misuli ya shingo, macho na ulimi, hasa kwa vijana wa kiume, na hutokea siku chache za mwanzo. Inatisha kuliko inavyoua, lakini ikishika koo ni hatari, na anayeipata anasikia kila kitu. Akili yake ipo, mwili ndio uliofungwa. Nilimpigia daktari wa zamu, akaniagiza promethazini ya sindano. Nikamchoma, nikakaa kitandani, nikaweka kichwa chake kwenye kiganja changu ili shingo isivutike. Nilikuwa nahisi misuli inacheza chini ya vidole kama kamba iliyokazwa. Ilichukua takriban nusu saa kulegea.

Mama akasema, "Sista, wamemrudia."

Nikamjibu, "Hapana mama. Si pepo. Ni dawa, na mimi ndiye niliyemchoma."

Ilikuwa vigumu kulisema. Alinitazama muda mrefu, kisha akasema, "Basi kaa naye."

Nikakaa. Mdomo ulipolegea, neno la kwanza la Baraka lilikuwa, "Sista, usizime taa." Ndipo nikamuuliza kile nilichopaswa kumuuliza usiku wa kwanza: ukifumba macho unaona nini? Akanieleza taratibu. Waliokuja kijijini kwao walikuja usiku. Watu walikimbia gizani. Yeye ndiye aliyeambiwa amwamshe mdogo wake, na mdogo wake alikuwa na usingizi mzito. Zaidi ya hapo sitasema, ni habari yake.

Kumbe alipokuwa akiwatikisa wenzake alikuwa anawaamsha ili wapone. Na mimi nilikuwa nikimsukuma kwa nguvu ndani ya usingizi uleule uliomchukulia ndugu.

Asubuhi niliripoti yote kwa sista mkuu na kwa daktari. Dozi ikabadilishwa, akaongezewa benzheksoli ya kuzuia mkakamao, na mshauri anayejua Kiswahili akaanza kuja kuzungumza naye. Mimi nikaupanga upya usiku wangu.

Kiti changu nilikitoa ofisini, nikakiweka mlangoni mwa wadi, mahali ambapo kila kitanda kinaniona. Taa ya korido haizimwi. Kabla ya kugusa kabati nauliza maswali: unaona nini, umekula, wapi panauma? Hilo la mwisho usilidharau. Binti mmoja alikuwa akipiga kelele na kuwaona watu wasiokuwepo, tukadhani hali yake imezidi. Nilipomshika paji la uso lilikuwa moto. Kipimo kikaonyesha malaria. Kama ningemtuliza tu, sijui asubuhi ingemkuta wapi.

Wale waliowahi kutaka kujidhuru nawapitia mara kwa mara, lakini si kwa saa maalumu, kwa maana kijana anayesubiri uondoke huijua ratiba yako kuliko wewe mwenyewe. Siwamuliki tochi usoni. Nainama, natazama blanketi likipanda na kushuka, nahesabu pumzi tatu ndipo naondoka. Vyandarua vilinisumbua sana: huwezi kumnyima mtoto chandarua Uganda, na huwezi kumwachia kamba. Tulikata kamba zote tukaning'iniza kwa uzi mwembamba wa cherehani unaokatika ukivutwa kidogo. Kila wiki vinaanguka viwili vitatu, tunavifunga tena. Sioni usumbufu.

Sindano bado natumia, tusidanganyane. Kuna usiku kijana anataka kumuumiza mwenzake na maneno hayafiki. Lakini sasa ni chache, na nikichoma naandika kwa nini, halafu nakaa pale mpaka nione shingo iko sawa na anameza mate vizuri.

Nyumbani dada yangu huwapeleka watoto shule, nami nalala hadi saa nane mchana, dirisha limezibwa kwa shuka nzito. Bila dada nisingeweza.

Baraka alikaa nasi wiki sita. Hurudi kila mwezi kuchukua vidonge, ila huja mchana nikiwa nimelala, kwa hiyo salamu zake nazipata kwa wenzangu.

Umeme ukikatika nina taa ya sola ninayoianika dirishani mchana. Betri yake imechoka, ikifika saa tisa inaanza kufifia, na saa tisa ndiyo saa wanayoamka wengi. Nimeshaandika kuomba nyingine. Kwa sasa naegemeza tochi ya simu ukutani, ikitazama dari, na kiti kiko palepale mlangoni.