Usiku Griffin Alipokaribishwa Mezani

Alhamisi ya tarehe 22 Oktoba 2009, saa nne na nusu usiku, mimi na mume wangu tuligombania rimoti. Tulikuwa tumepanga chumba Barking, mashariki mwa London, na BBC ilikuwa imemwalika Nick Griffin, kiongozi wa BNP (British National Party, chama cha siasa kali za kulia kilichopinga wahamiaji), kwenye Question Time, kipindi cha wanasiasa kuulizwa maswali na watazamaji. Chama chake hakikuwapokea watu weusi kuwa wanachama, na halmashauri yetu ilikuwa na madiwani wake 12. (Viti vyote hivyo walivipoteza Mei 2010, nami nilipanga foleni kupiga kura siku ile.) Juni 2009 BNP ilikuwa imepata viti viwili Bunge la Ulaya, ndiyo maana BBC ikasema haiwezi kuwafungia mlango.

"Zima hiyo," mume wangu alisema. Yeye ni mtu wa Ngara. Mwaka 1994 aliona watu zaidi ya laki mbili wakivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda kuingia Tanzania kwa muda wa siku moja tu, na anajua RTLM, redio iliyochochea mauaji ya kimbari, ilikuwa ikiwaambia nini Wanyarwanda. "Mama watoto, maneno yakishatoka redioni huyarudishi."

Sikuzima. Moyo wangu ulikuwa na waandamanaji waliojaa nje ya Television Centre, studio za BBC, lakini nilitaka kumwona mtu aliyetaka niondoke. Bonnie Greer, mwandishi mweusi mzaliwa wa Chicago, aliketi jirani naye akampa mgongo. Griffin alipoulizwa kuhusu mauaji ya Wayahudi alitabasamu, Dimbleby, mwendesha kipindi, akamuuliza anatabasamia nini. Walimbana saa nzima. Nililala nimeridhika, mume wangu alibaki amesimama mlangoni pa jiko, kimya.

Asubuhi nilikwenda Dagenham kwa bibi wa Kiingereza niliyekuwa nikimhudumia. Nilikuwa nimepiga magoti namvalisha soksi.

"Jana walimwonea," alisema. "Na hakuna aliyemuuliza habari ya nyumba."

Nikajaribu kukumbuka. Kweli, sikukumbuka swali hata moja la nyumba. Na Barking nyumba ndiyo iliyokuwa kidonda: za halmashauri zilikuwa zikiuzwa tangu miaka ya 1980, mpya hazikujengwa za kutosha, na vipeperushi vya BNP vilidai Waafrika wanapewa maelfu ya pauni wanunue nyumba kwetu. Kama mtu wa namna ile ni lazima apewe kipaza sauti, basi uongo wake wa mtaani ndio ungewekwa mezani kwanza, karatasi mkononi, ajibu mbele ya wanaoishi naye.

"Ninyi mnapewa," bibi alisema, bila ukali wowote. Mjukuu wake alikuwa akisubiri nyumba ya halmashauri.

Nikamwambia sisi ni wanne katika chumba kimoja, kodi tunamlipa mwenye nyumba kila mwezi, na jina letu limo kwenye orodha ileile ya mjukuu wake.

Akanitazama kwa muda, mguu wake bado mkononi mwangu. "Mbona jana hawakulisema hilo?"