Gusiberi kubwa niliyoilipia, na ndogo niliyoiokota kwenye sahani

Jana niliweka visahani vitatu mezani, kila kimoja matunda kumi ya gusiberi, yale ya manjano yanayokomaa ndani ya ganda linalofanana na karatasi. Nikamwambia mke wangu afumbe macho aonje. Alipofika kisahani cha kwanza alitafuna, akanyamaza, kisha akasema, "Hili ni maji yenye mbegu."

Basi hicho ndicho kisahani kilichonigharimu kuliko vyote. Pakiti ya mbegu iliahidi matunda majitu, na kwa ukubwa haikudanganya: matunda kumi yalifika gramu 92 kwenye mizani. Lakini rangi imepauka, na mvua ikinyesha siku mbili mfululizo nusu yake hupasuka yakiwa bado mtini.

Kisahani cha pili ni kisa kingine. Niliuziwa mbegu za gusiberi, ikaota mimea iliyotambaa chini, haikufika hata magotini, na matunda yakaanza kudondoka mapema mno. Kumbe si gusiberi yenyewe, ambayo kitaalamu huitwa Physalis peruviana, ni nduguye, Physalis pruinosa. Utamu wake si mbaya, una harufu ya nanasi kwa mbali, ila sikuwa nimeagiza huo. Gusiberi yenyewe hupanda mita moja na zaidi, na bila kuiegemeza kwenye vijiti hulala ovyo.

Cha tatu sikukinunulia mbegu. Nilinunua pakiti ya matunda ya kula iliyoandikwa Colombia, nikabakiza mawili, nikayaponda, nikaosha mbegu kwenye chujio la chai na kuzianika kwenye sahani. Tunda moja lina mbegu kati ya 150 na 300, kwa hiyo mawili yalinitosha na kusaza. Matunda ni madogo, karibu nusu ya yale majitu, lakini rangi imekolea hadi machungwa na ukali wake unakuja na sukari nyuma yake.

Baadaye ndipo nilipojua kwamba wakulima huzigawa kwa asili: za Colombia ni ndogo na zina sukari zaidi, za Kenya na Afrika Kusini ni kubwa zaidi. Jina lake la Kiingereza, Cape gooseberry, huipeleka Rasi ya Tumaini Jema, ambako ililimwa tangu kabla ya 1807, wakati kwao hasa ni milima ya Andes. Mbegu iliyozunguka dunia muda wote huo imeshabatizwa majina mengi, na jina la kwenye pakiti halikuhakikishii kitu.

Ninachofanya sasa ni kuchagua mmea. Kosa langu mwaka juzi lilikuwa kukusanya matunda makubwa kutoka kila mahali na kuchanganya mbegu zake, nikapata mchanganyiko wa kila namna. Maua hujichavusha yenyewe, lakini nyuki naye hapitwi. Siku hizi nikionja mmea mara tatu kwa nyakati tofauti na ukabaki mtamu bila kupasuka, naufunga utepe mwekundu, kisha navisha tawi moja mfuko wa kitambaa cha chandarua kabla maua hayajafunguka na kulitikisa kidogo kila mchana. Mbegu nachukua hapo tu. Asiye na subira na akate chipukizi, alichomeke kwenye mchanga wenye unyevu: huyo atakuwa mama yake mtupu, bila kubahatisha.

Lakini niseme ukweli, kuna aina niliyoitupa kwa kuionea. Nilikuwa nimeijaza samadi, ikatoa majani kama mboga na matunda machache yasiyo na ladha. Tena nilikuwa nikichuma ganda likiwa bado kijani, jambo ambalo lina hatari pia, kwa sababu tunda bichi lina sumu kama ile ya viazi vilivyogeuka kijani. Subiri ganda likauke liwe rangi ya majani makavu, tena afadhali lianguke lenyewe.

Niliporudi mezani na kalamu niandike alama, kisahani cha tatu kilikuwa na maganda kumi matupu. Nilikuwa nimepanga kutoa mbegu humo. Mke wangu anasema hakuambiwa.