Siku moja maishani mwangu: kuwafuata wagonjwa wa jimbo zima kwa simu

Saa kumi na moja na nusu alfajiri

Simu ya zamu inaita. Mimi ni mpelelezi wa magonjwa ya kuambukiza katika idara ya afya ya jimbo la Minnesota, Marekani, na wiki hii ni zamu yangu kuibeba usiku na mchana, kwa hiyo nalala nayo kando ya mto. Anayepiga ni daktari wa hospitali ndogo kaskazini mwa Minnesota. Ana mtoto wa mwaka mmoja na miezi mitatu: homa siku nne, kikohozi, macho mekundu, na tangu usiku vipele vilivyoanzia usoni vinashuka kifuani. Hajachanjwa. Familia ilirudi kutoka safari ya ng'ambo wiki mbili zilizopita.

Hapa kwetu magonjwa mengi ya kuambukiza huripotiwa ndani ya siku moja ya kazi. Surua haingoji. Hata kuishuku tu, unapiga simu saa hiyo hiyo, na daktari huyu amefanya sawasawa. Namuuliza mtoto alikaa wapi kabla ya kuingizwa chumbani. Sebule ya kungojea, dakika arobaini. Virusi vya surua huweza kubaki hewani hadi saa mbili baada ya mgonjwa kuondoka, kwa hiyo namwomba majina ya wote waliopita sebule ile tangu mtoto aingie hadi saa mbili baada ya yeye kutoka. Namwomba pia sampuli ya koo na ya mkojo, na dereva aondoke nazo sasa hivi kwenda maabara ya jimbo huku St. Paul.

Usingizi umeshaisha. Nachemsha chai.

Saa mbili asubuhi

Nafungua orodha. Usiku kucha maabara za hospitali kutoka kaunti zote 87 zimekuwa zikituma majibu kwenye mfumo wetu: kifaduro, kifua kikuu, homa ya ini, na kwa kuwa ni Julai, maradhi ya tumbo kwa wingi. Leo nina majina tisa ya salmonela, bakteria wa kuharisha.

Wanaoniuliza kazi yangu ni nini hudhani nahesabu. Kuhesabu kompyuta inaweza. Ugumu ni kwamba jina moja kwenye skrini ni kama masikio ya kiboko juu ya maji. Kituo cha taifa cha kudhibiti magonjwa, CDC, kimewahi kukadiria kwamba kwa kila mgonjwa mmoja wa salmonela anayethibitishwa na maabara, wako kama 29 ambao hawakuthibitishwa. Walihara, wakanywa maji, wakarudi kazini. Njia pekee ya kuwafikia ni kupitia huyu mmoja tuliyempata.

Maabara ya jimbo hupokea vijidudu vya wagonjwa na kusoma jenomu yake yote, yaani maandishi yote ya urithi wake. Watu wawili wasiojuana, mmoja Duluth na mwingine Rochester, wakionekana kuwa na vijidudu vya ukoo mmoja, basi yaelekea wamekula kitu kimoja au wamegusa mnyama wa chimbuko moja. Lakini maabara haijui ni kitu gani. Hilo lazima aulizwe mtu. Mwanzoni mwa 2009, wakati salmonela ilikuwa imesambaa majimbo mengi bila chanzo kujulikana, ni wapelelezi wa Minnesota waliofuatilia vyakula vya nyumba za wazee mpaka wakafika kwenye ndoo moja ya siagi ya karanga. Mlipuko ule uliwagusa zaidi ya watu 700 na kuua tisa. Kilichoukata ni watu waliokaa na simu na kuuliza kwa subira, "Na mkate, ulipaka nini?"

Saa nne asubuhi

Jina la tatu kwenye orodha ni mtoto wa miaka mitatu. Mwanafunzi wetu mmoja alishampigia mama yake juzi. (Wanafunzi wa chuo kikuu ndio nguzo ya simu hizi. Wamejiita Timu ya Kuhara miaka mingi, nami nawaheshimu sana.) Alitumia mkalimani wa Kiswahili wa kwenye simu, dodoso likajazwa hadi mwisho, na hakuna kilichopatikana. Mahali pa kuku pameandikwa *hapana*. Najua swali lilivyotafsiriwa, maana nimelisoma: "Je, umekuwa na mgusano na ndege hai wa kufugwa?" Nani huongea hivyo?

Napiga tena. Mama anatoka Kivu, mashariki mwa Kongo, na sauti yake ina hofu tangu mwanzo.

"Munanitafuta juu ya makaratasi?"

"Hapana, mama. Mimi ni wa afya tu. Makaratasi siyaulizi, na haya tunayozungumza sheria inayalinda. Kwanza niambie, mtoto anaendeleaje?"

Kimya kidogo. Kisha anaanza kueleza: siku mbili hospitalini, damu kwenye choo, sasa ameanza kula uji. Simkatizi. Mama yangu kule Kisii alikuwa mhudumu wa afya wa kijiji; alikuwa akiingia nyumba ya watu, anakaa, anapokea maji, na daftari halitoki kwenye mkoba mpaka habari za nyumbani ziishe. Mimi sina kiti cha kukalia nyumbani kwa mama huyu. Nina sikio tu.

"Kuku je, mama?"

"Sisi hatuna kuku, dada. Tuko mu apartma."

"Sawa. Na ile wiki kabla mtoto hajaugua, nyama mulipata wapi?"

"Nyama? Tulienda mu shamba kule inje ya mji. Tukachagua kuku mbili. Baba yao akazichinja huku nyumbani."

"Wazima mliwaleta ndani ya nini?"

"Mu kartoni. Mtoto alibeba ku magoti, njia yote. Alikuwa anaziimbia."

Naandika haraka. Ilikuwa Jumamosi, na mtoto alianza kuumwa Jumatano. Salmonela humchukua mtu kati ya saa sita na siku sita, kwa hiyo siku zinaingiana. Kuku anaweza kuwa mzima wa afya kabisa, manyoya yanang'aa, huku amebeba vijidudu hivyo miguuni na mabawani. Naeleza mambo ya mikono na sabuni, na mahali pa kuchinjia pa kusafishwa. Simwambii asinunue kuku hai. Kuku wa kuchinjwa nyumbani ni chakula cha heshima, kwake na kwangu, na nikianza kwa kukataza, hatapokea simu yangu tena.

Kabla hatujaagana namuuliza kama kuna wengine waliokwenda shambani siku ile. Anasita. Anasema hajui.

Saa saba mchana

Githeri ya jana, mbele ya kompyuta.

Saa nane mchana

Orodha ya sebule ya kungojea imefika: watu thelathini na wanne. Mimi na mwenzangu tunatafuta kila jina kwenye rejista ya chanjo ya jimbo. Wengi wana dozi mbili, tunawavuka. Wanabaki watano, na wawili kati yao ni wachanga. Wa miezi minane anaweza kupata chanjo ndani ya saa 72 tangu akutane na mgonjwa. Wa miezi minne ni mdogo mno. Yeye ni sindano ya kingamwili, ndani ya siku sita. Asiyepata kinga kwa wakati hukaa nyumbani siku 21. Tunaandika saa ya mwisho kando ya kila jina.

Ofisi hii haijasahau 2017. Watu 75 waliugua surua Minnesota mwaka ule, wengi wao watoto wa Kisomali ambao wazazi wao walikuwa wametishwa kwamba chanjo huleta usonji. Makala iliyoanzisha uvumi huo ilichapishwa 1998 na kufutwa na jarida lenyewe 2010, lakini hofu ilikuwa imeshaingia majumbani, na kuna waliokuja hapa kuichochea makusudi. Hilo linaniuma hadi leo. Wazazi wale walikuwa wakiwalinda watoto wao kwa habari waliyopewa.

Saa kumi na nusu jioni

Maabara: si surua. Ni virusi vingine. Naegemea kiti, nafumba macho. Kisha tunawapigia wale watano mmoja mmoja, na mama wa mchanga wa miezi minne analia kwenye simu. Daktari wa alfajiri namshukuru kwa kutuamsha. Nataka atuamshe tena wakati mwingine.

Saa moja na nusu jioni

Niko jikoni simu inapoita. Ni mama wa Kivu.

"Dada, nimeuliza mama wa hapa juu. Tulienda naye kule shambani, mu gari moja. Mtoto wake anahara siku ya tano, hawajaenda kwa munganga. Anaogopa. Niko naye hapa, nimupe simu?"

Nazima jiko. Natafuta kalamu.

"Mpe, mama."

Nasikia simu ikipita mkono hadi mkono, na mtoto akilia kwa mbali.

"Habari za jioni, mama," naanza. "Mtoto anaendeleaje?"