Kifusi Kiko Wapi?

Mwaka 2021 nilikuwa mwaka wa tatu chuoni, nasomea usanifu majengo, na mafunzo ya vitendo yakanipeleka Mji Mkongwe, Unguja. Sehemu ya Beit al-Ajaib, jumba alilolijenga Seyyid Barghash mwaka 1883, ilikuwa imeporomoka tarehe 25 Desemba iliyotangulia, na kila baraza niliyopita watu walikuwa bado wanalizungumza. Sisi tulipewa nyumba ndogo isiyo na jina, ya ghorofa moja, ndani kabisa ya uchochoro. Ukuta wake wa nyuma ulikuwa umeanguka na masika.

Kazi yangu ilikuwa kujaza fomu: safu moja vitu vya kubaki, safu ya pili vitu vya kuondolewa. Wiki chache nyuma nilisimama darasani nikatoa mada kuhusu uchumi wa mzunguko katika miji ya kale, kwamba nyumba ikianguka vifaa vyake viendelee kuishi kwenye nyumba nyingine. Niliiamini kwa moyo wote. Na bado, pale uani, mbele ya lundo lililonifika kifuani, niliandika neno moja kwenye safu ya pili: kifusi. Nikatia sahihi. Tipa lilitarajiwa saa nane mchana, na kwa kuwa vichochoro havipitishi gari, vijana wa mikokoteni walikwisha fika.

Fundi mkuu, mzee wa miaka sabini hivi, aliomba aione ile karatasi.

"Bibie, kifusi kiko wapi?"

Nikamwonyesha lundo.

"Hebu njoo."

Aliokota bonge la udongo uliokauka, akalivunja kiganjani. Ulikuwa udongo mwekundu na chokaa, ule uliounganisha mawe. Huu, akasema, hutwangwa, huchekechwa, hurudi kwenye mchanganyiko mpya. Kisha akaokota jiwe la tumbawe, akaligeuza. Upande mmoja ulikuwa na ngozi nyembamba ya chokaa laini, iliyopakwa na kusuguliwa vizuri. Nikasema ni upande uliokuwa ukitazama chumbani.

"Sivyo. Hili nimelitoa katikati ya ukuta mimi mwenyewe jana."

Nililitazama muda mrefu. Chokaa ya kupaka haiwezi kuwa katikati ya ukuta. Jiwe lile lilikuwa limekaa kwenye nyumba nyingine kabla ya hii, likaanguka, likaokotwa. Tukachimbua zaidi tukapata mengine ya namna hiyo. Nilichokuwa nimekisoma kama wazo jipya la vyuo vikuu, mafundi wa mji huu walikuwa wamelifanya miaka mingi bila kulipa jina, na ushahidi ulikuwa mikononi mwangu wakati sahihi yangu ikiupeleka jalalani. Niliona aibu, nikaomba fomu nyingine.

Mhadhiri wetu naye alinyamaza kidogo, kisha akatuambia tuweke karatasi chini tumfuate fundi. Tulichambua siku nne. Kilichoshindikana hasa ni mawe yaliyopigwa lipu ya saruji miaka ya karibuni. Chokaa huachia unyevu utoke ukutani. Saruji huufungia ndani, na ukuta huoza taratibu huku nje unang'aa. Tulipojaribu kuibandua lipu ile, jiwe lilimeguka nayo. Hayo ndiyo yaliyopakiwa mikokoteni.

Boriti tulizikuta 24. Vyumba vya Mji Mkongwe ni vyembamba kwa sababu upana wao hufuata urefu wa boriti ya mkoko, karibu mita tatu, si zaidi sana. Nyingi zilikuwa zimeoza vichwani, pale zilipochomekwa kwenye ukuta unaovujiwa na mvua, nami ningezihesabu zote zimekufa. Fundi alizigonga moja moja kwa mpini wa nyundo, sikio karibu. Zilizolia vizuri zilikuwa 17.

"Chumbani hazifiki tena," alisema. "Ujiani zinafika."

Alipima kwa dhiraa, mimi kwa futi ya utepe, tukalinganisha. Kijana mmoja akashika msumeno akakata kichwa cha ya kwanza. Sehemu iliyooza ilidondoka kama unga. Nyuma yake mti ulikuwa mwekundu na mgumu, na msumeno ukaanza kupiga kelele. Fundi akanipa chaki. Nikaandika 1 kwenye ile ncha nyekundu, nikaenda kushika ya pili.